Vidole vya Fundi Mwidani

Mwidani Mwinyihaji hana pua ya kunusia. Pua anayo, imepinda kuelekea kulia kama msumari uliopigwa vibaya, lakini haimletei harufu yoyote, si ya petroli, si ya samaki, si ya udi. Ilivunjwa kwa spana mwaka 1957 katika gereji moja ya Changamwe, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege. Aliyeivunja ni Hamoud Barakat, mwenye gereji, na sababu ilikuwa mafuta yaliyovuja.

Hamoud alikuwa na gari la mashindano. Alilitengeneza kutokana na gari kuukuu la Kiingereza alilolivua bodi, akalivika mabati mepesi yaliyopakwa rangi nyekundu na kuacha kiti kimoja tu. Lilikuwa dogo hata watu wanne waliweza kulinyanyua. Siku za sikukuu alilikimbiza Mtopanga, kwenye njia ya mviringo iliyolimwa katikati ya minazi na mikanju, akishindana na Wazungu wa bandarini na vijana wa Kihindi wa mjini. Hakukuwa na dereva mwingine aliyetoka katika nyumba za wafanyabiashara wa Kiislamu, na Hamoud hakumwacha mtu yeyote alisahau hilo.

Gari lilikuwa likivuja. Injini ndogo iliyolazimishwa kufanya kazi ya injini kubwa hutoa jasho kila mahali penye kiungo, na kazi ya Mwidani ilikuwa kulitafuta jasho hilo. Aliosha injini kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa, akaipulizia unga wa chaki mpaka ikawa nyeupe kama keki, kisha akaiwasha. Chaki ikaanza kuchora mistari. Fundi mgeni angekimbilia pale tone linapoanguka. Mwidani hakuangalia tone. Upepo wa feni huyasukuma mafuta nyuma na uzito huyashusha chini, kwa hiyo linapodondokea sipo linapotokea. Alifuata mstari kwenda juu na mbele mpaka alipoona mahali pa kwanza palipolowa. Hapo ndipo alipoweka spana.

Si kila mvujo alioufunga. Mingine aliilea tu. Nyuma ya injini, pale mhimili unapotokea, mafuta yalipita hata afanye nini, basi akatundika kopo chini yake ili yaingie humo badala ya kumwagikia tairi. Kopo hilo lilimtia Hamoud aibu. Wazungu walilichungulia wakacheka. Siku moja ya mwaka 1957 alilivua bila kumwambia mtu, akaongeza na mafuta kwenye injini kupita alama, akaingia uwanjani. Mafuta yakafika kwenye tairi la nyuma, gari likajizungusha mbele ya watu wote na kuishia kwenye majani. Hamoud alirudi kwa miguu. Mwidani alimwambia kwamba mafuta yalizidishwa. Hamoud akaichukua spana kutoka mkononi mwa Mwidani mwenyewe akampiga nayo usoni. Baadaye alieleza kwamba hakuilenga pua. Alilenga mdomo.

Mwidani hakuacha kazi. Wazee wake ni wakulima wa Mtongwe, ng'ambo ya Likoni, na shamba walilolima kwa vizazi liliandikwa kwa jina la ukoo wa Hamoud. Fundi angeondoka gereji asubuhi, na jioni baba yake angeambiwa ang'oe mihogo yake.

Kwa kuwa pua ilikuwa imekufa, alianza kutumia ulimi. Alipoona unyevu asioujua aliugusa kwa ncha ya kidole, akaonja, akatema. Maji ya rejeta yana ladha ya kutu. Mafuta ya injini yanakwama kwenye kaakaa. Mafuta ya breki ni machungu, yana ukali kama wa dawa ya kuharisha. Mwenzake pale gerejini, Katana, mtu wa Kaloleni asiyekaa dakika bila mzaha, alimwambia kwamba siku moja atalinywa gari zima wabaki na tairi tupu.

Mwezi wa Februari 1959 Hamoud aliwaalika watu waje walione gari likiwashwa. Nduguye mkubwa Faraj alikuwapo, mfanyabiashara mpole wa vitambaa, na marafiki kadhaa wa mjini waliovaa kanzu safi. Gari likanguruma, na tone zito jeusi likaanguka juu ya kiatu cha mgeni mmoja. Wageni walikenua. Hamoud alizima injini, akamkamata Mwidani ukosi, akamburuta hadi kwenye jiliwa, ule mdomo wa chuma uliofungwa mezani wa kubania vyuma, akauingiza mkono wa kulia wa fundi humo.

"Sikizeni nyote," alisema. "Gari hili likisimama uwanjani Jumatatu ya Pasaka kwa sababu ya kuvuja, mafuta, maji, chochote, basi kabla jua la siku ile halijachwa vidole vyote vya mkono huu vitakuwa vimevunjwa ndani ya jiliwa hili. Visipovunjwa vyote, Ruwaida si mke wangu. Talaka tatu, wallahi."

Wageni wakaacha kukenua. Kutisha mtu ni jambo dogo. Kiapo cha talaka mbele ya mashahidi ni jambo jingine, kwa sababu mwanamume wa pwani anayekula kiapo hicho na asikitimize huwa amekwisha kumwacha mke, apende asipende, na kila anayekaa naye baada ya hapo anakaa naye kwa haramu. Faraj alimwambia nduguye astaghfiri. Hamoud alijibu kwamba amekwisha sema. Katana, wageni walipotawanyika, alisema bwana mkubwa ameweka mke rehani kwa ajili ya gasketi.

Ruwaida alikuwa binti wa nyumba kubwa ya Kisauni, na ilikuwa nyumba hiyo iliyompa Hamoud heshima aliyokuwa nayo mjini. Meno yake mawili ya mbele yaling'oka mwaka mmoja baada ya harusi. Kila mtu Changamwe alijua yaling'oka kwa mkono wa nani.

Pasaka ya mwaka huo iliangukia katikati ya Ramadhani. Mwidani alifanya kazi akiwa amefunga, midomo imekauka, akitazama mkono wake wa kulia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alibadilisha gasketi zote. Alichemsha pete za sufi katika mafuta ya kondoo ili zibane mhimili. Alilirudisha kopo, na safari hii Hamoud hakuthubutu kuligusa. Kitu kimoja hakukifanya: hakuonja. Mkewe, Mwanasaumu, alimwona nyumbani akihangaika na jambo hilo, akamwambia kwamba hata yeye huonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi akatema, na masheikh wote wameruhusu maadamu humezi. Mwidani alijibu kwamba mchuzi ni riziki ya watu na gari si riziki. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mlango ukiachwa wazi kidogo, yeye huufunga.

Asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka, pale Mtopanga, Katana alikuwa ameenda kuteka petroli na Mwidani alikuwa amemaliza kujaza rejeta. Maji kidogo yalifurika yakamwagika mbele ya gari. Alipoinama kupangusa aliona unyevu upande wa ndani wa gurudumu la kushoto, mweupe, mwembamba, umening'inia kwenye ukingo wa bati. Aliugusa. Vidole vyake vilikuwa na mafuta tangu alfajiri, visingeweza kumwambia kama kitu ni maji au ni utelezi. Pua haikumwambia kitu. Alikileta kidole karibu na mdomo, akasita, akakishusha. Aliingia ndani akakanyaga pedali ya breki, ikawa ngumu kama inavyotakiwa. Akaamua ni maji yaliyofurika, akapangusa, akasimama.

Hayakuwa maji. Mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu lile ulikuwa ukisuguliwa na tairi kila usukani ulipokatwa mpaka mwisho, na ulikuwa umebaki mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Kwa mguu wa kawaida ulistahimili. Kwa mguu wa dereva anayekimbizwa usingestahimili.

Mashindano yalianza alasiri. Hamoud, ambaye alikuwa amekunywa maji nyuma ya turubai akidhani haonekani, aliongoza mizunguko mitatu. Kwenye mzunguko wa nne alifika kwenye kona ya mikanju kwa mwendo wake wa siku zote na kukanyaga breki. Watu waliokuwa karibu walimwona akikanyaga tena, na tena, mwili mzima ukiruka kitini. Gari halikupunguza mwendo. Lilipiga mapipa yaliyojazwa mchanga, pipa moja likamwangukia mshika bendera likamvunja mguu, kisha gari likapanda hewani na kukita ubavu kwenye mnazi. Bati la mbele lilijikunja mpaka kwenye kiti. Hamoud walimchomoa akiwa na mfupa wa bega umetokeza chini ya ngozi na taya limefunguka mpaka sikioni. Alikuwa akirudia neno moja, breki, breki, damu ikimwagika kila alipolisema, mpaka walipomtia kwenye gari la wagonjwa na akazimia.

Mwidani alilala chini ya mabaki. Aliuona mpira uliopasuka, na mchirizi kwenye vumbi kuanzia kwenye kona. Hakuwa na haja ya kuonja.

Yeye na Katana walilipakia gari kwenye lori wakarudi Changamwe. Njiani Katana alimshauri ashukie Makupa, apotee mjini mpaka usiku uingie, kesho ni kesho. Mwidani alisema wakimkosa yeye watakwenda Mtongwe kwa baba yake. Basi walikuwa gerejini, jua limeinama, wakati gari la Faraj lilipoegeshwa mlangoni. Faraj alishuka na wachukuzi wawili wa dukani kwake, watu wenye mabega mapana ambao hawakusalimia. Katika kiti cha nyuma aliketi Ruwaida ndani ya buibui. Faraj alikuwa amemleta makusudi, ili jawabu alisikie kwa masikio yake na asiwe na la kudai baadaye.

"Masalkheri, Fundi," Faraj alisema.

"Masalkheri, Bwana Faraj. Hali yake ndugu yako?"

Faraj alisema atapona, inshallah, lakini hazungumzi. Alilitazama gari lililopondeka, akatazama jua, akakaa juu ya boksi la spana kana kwamba amekuja kunywa kahawa. Alieleza kwa sauti ya taratibu kwamba watu wanasema mengi. Wengine wanasema gari lilivuja. Yeye anaona kijana aliingia kona kwa pupa, na pupa si mvujo. Ikiwa ni pupa, kiapo hakikuguswa, mkono wa Fundi ni mzima, nyumba ya nduguye ni nzima.

"Sema halikuvuja, yakhe," alisema. "Neno moja tu. Tukafuturu sote."

Katana, aliyesimama kando ya ukuta, alimwambia Mwidani kwa meno yaliyobanwa: "Sema basi."

Kioo cha gari kilishuka.

"Mwidani."

"Naam, bibi."

"Usivifikirie vidole vyako, ifikirie nafsi yangu." Alikuwa ameshusha kitambaa cha uso, na pengo lilionekana aliposema. "Ukisema halikuvuja na wajua lilivuja, ni mimi nitakayelala na mtu asiye mume wangu mpaka niingie kaburini. Wewe ndiwe uliyeliona. Lilivuja?"

"Bibi Ruwaida, nyamaza," alisema Faraj.

"Lilivuja, bibi," Mwidani alisema. "Mpira wa breki. Unyevu niliuona asubuhi, nikadhani maji."

Faraj alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua aliinuka, akavua saa yake na kuitia mfukoni.

"Hata kunyamaza ulishindwa," alisema. "Niwie radhi, Fundi. Nyumba ni nyumba."

Wachukuzi walimrukia pamoja. Mwidani alimpiga wa kwanza kwa mpini wa jeki, ukampasua unyusi, lakini wa pili alimkaba shingo kwa nyuma na kumkita kifua juu ya meza. Katana alikuja na bomba la ekzosi. Mwenye unyusi uliopasuka alimgeukia, akampiga ngumi ya mbavu iliyomkalisha chini, kisha akamkanyaga tumboni. Faraj mwenyewe ndiye aliyeuingiza mkono wa kulia wa Mwidani kwenye jiliwa. Mdomo wa jiliwa haukuwa mpana wa kutosha kubana vidole vyote kwa pamoja, kwa hiyo alianza na kidole kidogo. Alizungusha mpini. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Mwidani alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani.

Faraj alilegeza, akatoa kidole, akaingiza cha pili. Alikuwa akichuruzika jasho, akinong'ona kumwomba Mungu haraka. Mwidani alimuuma mkono aliyemshika, akang'oa kipande cha nyama, akapigwa kichwa kwenye chuma mara mbili. Kidole cha pili kikavunjika mahali pawili. Mlango wa gari ukafunguka, Ruwaida akashuka, akaja akashika mpini wa jiliwa kwa mikono yote miwili na kuning'inia. Faraj alimsukuma, akaanguka juu ya mafuta yaliyomwagika sakafuni, akainuka buibui limelowa, akaushika tena. Katana alikuwa amepata pumzi. Aliliokota bomba na kulishusha kwenye mkono wa yule aliyemkaba Mwidani, na mkono ukavunjika juu ya kiwiko.

Kidole cha tatu kilikuwa tayari ndani. Mpini ulikuwa umegeuka nusu. Adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikiti wa jirani.

Faraj aliacha kuzungusha. Alisikiliza mpaka alipokuwa na hakika, kama mtu anayesubiri kuambiwa alisikia vibaya. Kisha alilegeza jiliwa mwenyewe, polepole, kwa uangalifu, akautoa mkono wa Mwidani na kuuweka juu ya meza. Hapakuwa na faida tena ya kuuvunja. Mchukuzi mmoja aliuliza waendelee au waache, na Faraj akamwambia atoke nje.

Ruwaida alimwomba Katana maji. Katana alimpa kikombe cha bati. Alikunywa mafunda matatu, akambakishia Mwidani na kumshikia kikombe midomoni, kwa kuwa yeye hakuweza. Faraj alimwambia Ruwaida kwa sauti ndogo aingie garini, atampeleka. Alijibu kwamba yeye sasa si shemeji yake na haifai wakae gari moja. Alitoka kwenda barabarani kungoja basi, nyayo zake zikiacha alama nyeusi za mafuta.

Shauri la vidole lilikwisha haraka, kwa Faraj kufungwa miezi kadhaa. Shauri la talaka ndilo lililojaza baraza la kadhi. Hamoud alikuja taya limeshonwa na bega limefungwa, na akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kutoka kwake. Alisema alikosea kuendesha. Alichelewa kukanyaga, alishika usukani vibaya, Wazungu walimzidi akili, gari halikuwa na kosa lolote. Alisema hayo akilia. Mtu aliyevunja pua ya mtu kwa kuambiwa amezidisha mafuta alisimama mbele ya watu wa mji kuapa kwamba yeye ni dereva mbovu, ili kiapo chake cha kwanza kisiwe na kazi.

Kadhi alimwita Mwidani. Mwidani aliweka mezani kipande cha mpira kwa mkono wa kushoto. Aliombwa akaeleza mahali ulipofungwa na namna ulivyosuguliwa. Kadhi aliagiza glasi ya maji, akaziba ncha moja ya mpira kwa kidole gumba, akamimina maji kwenye ncha ya pili, akaubana. Tone likatoka ubavuni, likafuatwa na jingine. Hamoud aliruka mabenchi akamfikia Mwidani na kumshika koo kwa mkono wake mmoja mzima, na ikabidi askari wawili wamtoe. Alikuwa bado anapiga mateke mlangoni hukumu ya kuthibitisha talaka iliposomwa.

Mihogo ya Mtongwe iling'olewa wiki ileile. Baba yake Mwidani alifia kwenye chumba cha kupanga huko Likoni mwaka 1961. Ruwaida aliolewa tena na mwalimu wa Kisauni. Hamoud hakushiriki mashindano tena, na mabaki ya gari jekundu yaliuzwa kama vyuma chakavu.

Mwidani anatengeneza mabasi karibu na kivuko cha Likoni. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia havikunjiki, vimesimama kando kama vya mtu anayeshika kikombe cha moto. Nati kubwa anazifungua mwenyewe. Nati ndogo, zile zinazotaka kushikwa kwa ncha, anamwachia Katana, ambaye hulalamika kila mara kwamba hakuzaliwa kuwa mkono wa mtu, kisha anazifungua.